Kamera Gani Ubebe Uendapo Disney World

Kuwapeleka watoto Disney World, kule Florida, si safari ya kukurupukia. Familia inayotoka Dar es Salaam au Nairobi ina viza ya kuomba, ndege za kuunganisha, hoteli, na viingilio vya kila siku kwa kila kichwa. Ndugu zetu walioko Texas au Toronto nao huweka akiba muda mrefu kabla ya kufika. Ndiyo maana swali la kamera huja na uzito wake: twende na simu tu, tubebe ile kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi ya shangazi, au tununue nyingine kabisa?

Wengi hulijibu kwa kuuliza bei au kuhesabu megapikseli. Ningependa ulijibu kwa kuuliza mambo mawili mengine. La kwanza, kamera hiyo inafanyaje kazi mahali penye mwanga hafifu? La pili, ikifika saa tatu usiku, utakuwa bado umeishika au itakuwa imeshazikwa chini ya begi? Mambo ya zumu yaje mwisho.

Siku yenyewe ilivyo

Disney World ya Florida si bustani moja. Ziko nne: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja hula siku nzima. Mnaingia asubuhi jua halijakolea na mnatoka baada ya fataki. Katikati hapo mnaweza kutembea kilomita kumi na zaidi, huku mmebeba maji, kofia, makoti ya mvua na, ikifika jioni, mtoto aliyelala begani. Kamera kubwa na lenzi yake nzuri huweza kufika kilo moja na nusu. Dukani uzito huo hausumbui. Saa kumi jioni, mkanda ukiwa umeshakata shingo, inaingia kwenye begi, na ikishaingia humo haitoki tena siku hiyo. Nimeona hivyo kwa watu wengi, na waliokuwa na vifaa vya bei kubwa ndio waliorudi na picha chache za jioni.

Mwanga nao haueleweki. Adhuhuri jua la Florida linapiga utosini, kofia inatia uso kivuli, na nyuma ya mtoto kuna kasri la Cinderella lenye kuta za rangi nyepesi na mbingu inayong'aa. Dakika kumi baadaye mko ndani ya mchezo kama Pirates of the Caribbean au Haunted Mansion, kwenye giza lililotengenezwa makusudi, lenye taa ndogo ndogo za rangi. Space Mountain ni giza zaidi, na unakwenda kwa kasi. Usiku kuna gwaride lenye maelfu ya taa na fataki juu ya kasri. Mchana ule hata simu ya bei nafuu huumudu. Kamera hutofautiana kuanzia magharibi na kuendelea, na humo ndimo utamtaka mwanao aonekane vizuri.

Soma namba iliyo kwenye lenzi

Ukiwa dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji atakwambia, "Dada, hii ina zumu ya mara sitini, unamwona mtu ng'ambo ya pili." Mshukuru, kisha igeuze kamera na usome maandishi yaliyozunguka kioo cha lenzi. Utakuta kitu kama 1:1.8-2.8, au 1:3.5-6.3. Hizo ndizo namba za ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na zinakwenda kinyume na mazoea: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ya kwanza ni pale ambapo hujavuta picha karibu, ya pili ni pale umevuta mpaka mwisho.

Tofauti yake si ndogo. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya ule unaopita kwenye lenzi ya 5.6. Tuseme mtoto amesimama chini ya taa ya njano huko Adventureland, ndani ya Magic Kingdom, usiku. Lenzi ya kwanza itampiga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na hata akigeuza kichwa uso utatulia. Lenzi ya pili itahitaji karibu sehemu moja ya kumi, na hakuna mtoto wa miaka sita anayetulia kwa muda huo akiwa amekula pipi tangu saa nne. Kamera ikikataa kwenda polepole hivyo, itapandisha ISO, yaani itaukuza ule mwanga kidogo iliopata, na picha itajaa chenga.

Ukishaielewa namba hiyo, uliza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Zile ndogo nzuri za mfukoni zina sensa iitwayo ya inchi moja, ambayo kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kamera za kati za kubadilisha lenzi huwa na APS-C, yenye eneo kama mara tatu ya hiyo. Zile kubwa kabisa zina milimita 36 kwa 24. Sensa kubwa ni nzuri, lakini hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoibiwa kimyakimya. Kamera ya APS-C huuzwa na lenzi ya boksini, na lenzi hiyo mara nyingi huanzia 3.5 au 4.5 na kuishia 5.6 au 6.3. Ukipiga hesabu ya tundu na sensa kwa pamoja, kamera ndogo ya mfukoni yenye sensa ya inchi moja na lenzi ya 1.8 humshinda yule mkubwa mwenye lenzi ya 4.5 kila mnapoingia gizani, mradi hujavuta zumu. Na yenyewe inaingia mfukoni.

Kama kamera hiyo kubwa tayari unayo, usiiuze. Inunulie lenzi moja isiyo na zumu, yenye 1.8 au 2. Ile ya Canon ya milimita 50 yenye 1.8 ina uzito wa gramu 160 tu na ni miongoni mwa lenzi nafuu kuliko zote, ila kwenye APS-C inakuwa ya karibu mno kwa foleni zilizobanana. Utapata uso na mabega, hutapata familia nzima. Milimita 24 au 35 ndizo zitakazokufaa zaidi. Ya boksini iache nyumbani.

Nyuso zetu

Miongozo mingi ya kamera imeandikwa na watu ambao hawakuhitaji kulifikiria hili. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, hupima mwanga wa picha nzima. Nyuma kukiwa na kasri la rangi nyepesi na mbingu nyeupe, inaona mwanga umezidi na kupunguza. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele, tena chini ya ukingo wa kofia, anageuka kivuli chenye meno. Familia inarudi nyumbani na picha ambamo jengo limependeza na watu hawatambuliki. Hilo si kosa la ngozi ya mtu, wala hakuna sababu ya kulivumilia.

Kwa hiyo, unapochagua kamera hakikisha ina kitufe au gurudumu lenye alama ya + na − ambalo unaweza kulifikia upesi bila kuchimba menyu. Ukizungusha kuelekea + mpaka namba iwe 0.7 au 1, uso unafunguka. Mbingu ikipauka kidogo, iache ipauke. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye skrini, kisha sukuma alama ya jua juu kidogo. Mchana wa jua kali washa flashi ndogo ya kamera, hata kama inaonekana haina maana. Ukiwa mita mbili hivi inaingiza mwanga chini ya kofia na machoni. Ni moja ya sababu zinazonifanya nipende kamera ya mfukoni yenye flashi yake kuliko ile ya bei kubwa isiyokuwa nayo. Kwa upande wa simu, Google walianza mwaka 2021, kwenye Pixel 6, kuzirekebisha kamera zao makusudi zionyeshe ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi, wakauita mradi huo Real Tone. Unaponunua simu, usikubali kupimishwa kwa picha ya maua yaliyo dukani. Mpige picha mwenzako akiwa mlangoni, mwanga wa barabara ukiwa nyuma yake, na uangalie kama unamjua.

Simu inatosha?

Kwa familia nyingi, karibu itatosha. Simu ya miaka ya karibuni ina lenzi kuu yenye tundu kubwa, inaunganisha picha kadhaa za usiku kuwa moja, na video zake huwa zimetulia kuliko za kamera nyingi. Tatizo ni kwamba Disney World simu ina kazi nyingine nzito. Tiketi zimo humo, ramani imo humo, muda wa kusubiri kila mchezo unausoma humo, chakula unaagizia humo, na nafasi za Lightning Lane zinazokupunguzia foleni unazikata humo humo. Siku nzima ya jua kali, skrini ikiwa imeangazwa mpaka mwisho, huinyonya betri upesi. Ukiongeza video, ifikapo jioni unashika simu iliyobaki na chaji kidogo na fataki bado hazijapigwa. Video ya 4K ya fremu 60 kwenye iPhone hula takriban MB 400 kwa dakika moja, kwa hiyo hata nafasi ya kuhifadhia inakwisha bila kujua.

Unaweza kulitatua hilo kwa pawa benki, na lazima uwe nayo kwa vyovyote. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachotumiwa na mashirika ya ndege. Ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, na betri za akiba za kamera vivyo hivyo. Wanaopitia Dubai kwa Emirates wajue kuwa tangu Oktoba 2025 shirika hilo linaruhusu pawa benki moja tu kwa abiria, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

Lakini hata na pawa benki, napendelea picha zipigwe na kifaa kingine, simu ibaki kuwa ofisi ya safari. Na hapo naitaja ile kamera ya mfukoni kwa jina, kwa sababu ndiyo ninayoipigia debe. Sony RX100 ya matoleo yenye lenzi ya 1.8-2.8, na Canon G7 X Mark III ya mwaka 2019 yenye lenzi ya 1.8-2.8 inayofika milimita 100, ni kamera za gramu 300 hivi. Zina sensa ya inchi moja, flashi ndogo, skrini inayogeuka juu ili nanyi mjione, na unaweza kuziendesha kwa mkono ukitaka. RX100 VII inavuta mpaka milimita 200, ila lenzi yake inaanzia 2.8, kwa hiyo umenunua zumu kwa kulipa mwanga. Kwa bustani hizi sioni faida ya biashara hiyo. Ubaya wa zote ni betri: chaji moja ni picha mia mbili hadi mia tatu hivi. Nunua ya pili siku ileile unayonunua kamera.

Ricoh GR III na Fujifilm X100VI ni kamera nzuri mno, na anayepiga picha kwa mapenzi atafurahi nazo. Hazina zumu hata kidogo, na kamera ya Ricoh haina flashi ndani. Kama wewe ndiye utakayeishika peke yako, sawa. Kama itapita mikononi mwa baba, kijana wa miaka kumi na minne na bibi, chagua inayosamehe.

Majini na kwenye rola kosta

Mwezi wa sita hadi wa tisa, mchana wa Florida huleta mvua ya radi karibu kila siku, fupi na nzito. Na kuna michezo inayokulowesha kwa makusudi: Kali River Rapids ndani ya Animal Kingdom, na Tiana's Bayou Adventure ya Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 2024. Kamera ya mfukoni ifungie kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, ule wa kuhifadhia chakula kwenye friza. Hakuna kifaa cha bei ndogo kilichowahi kuokoa kamera nyingi kama huo. Kama mna siku ya kwenda Typhoon Lagoon au Blizzard Beach, zile bustani za maji, hapo ndipo kamera ya majini inapojilipia. OM System TG-7 huzama mita 15 bila ganda la ziada. GoPro nyingi huzama mita 10. Lakini sensa zao ni ndogo, na zikitoka kwenye jua zinachoka upesi. Usiitegemee kamera ya majini kuwa kamera ya safari nzima.

Kuhusu rola kosta, nitasema kwa ufupi: usipige picha humo. Bustani za Universal zilizo jirani zina michezo kama VelociCoaster na Incredible Hulk ambako hata simu mfukoni haikubaliwi. Unapitishwa kwenye kipima chuma na vitu vyako vinabaki kwenye makabati ya bure. Kule Disney unaruhusiwa kuwa na begi miguuni kwenye michezo mingi, ila kifaa kilichorushwa kwa kasi ile kinaweza kumvunja meno aliye nyuma yako. Michezo mingi mikubwa ina kamera zake zinazowapiga picha mkiwa mnapiga mayowe. Mnunue hiyo moja.

Ndani ya michezo ya giza, flashi ni marufuku, na skrini iliyoinuliwa juu inaharibia watu wote walio nyuma. Mwanao hatakumbuka picha ya sanamu la maharamia lenye chenga. Mpige kwenye foleni akiwa na hamu, na mpige tena akitoka nje, nywele zimesimama na anaomba kurudia. Hizo ndizo picha.

Kuhusu stendi, fimbo na fataki

Fimbo za selfi zimepigwa marufuku Disney World tangu mwaka 2015. Stendi ya miguu mitatu inaruhusiwa iwapo tu inaingia ndani ya begi la kawaida la mgongoni na haizidi sentimita 182 ikinyooshwa. Ndege zisizo na rubani hazikubaliwi hata kidogo. Stendi ninayoishauri ni ile fupi ya mezani, yenye urefu wa kiganja; unaiweka juu ya ukuta mfupi au ukingo wa daraja.

Kwa fataki, weka kamera kwenye stendi hiyo, ISO 100, tundu kwenye 8, shata iwe wazi sekunde 2 hadi 4, na tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Piga chache. Kisha geuka ulipe kasri mgongo. Mlipuko mmoja mkubwa humwaga mwanga wa rangi kwenye nyuso zote zinazotazama juu kwa muda wa sekunde moja hivi, na mtoto aliye kwenye mabega ya babake, mdomo wazi, anaonekana wazi kabisa akipigwa kwa lenzi ya 1.8 na kasi ya sehemu moja ya mia. Picha ya fataki zenyewe wanazo watu mamilioni. Ya uso huo hana mtu mwingine.

Gwaride la usiku lina mtego wake. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Kamera iliyonunuliwa Afrika Mashariki au Ghuba mara nyingi imewekwa kwenye mpangilio wa video uitwao PAL, na video zake za chini ya taa za Florida zinaweza kutoka na mistari inayopanda na kushuka. Ingia kwenye menyu ukaiweke NTSC, ule mpangilio wa Marekani, na kasi ya shata iwe 1/60 au 1/125 badala ya 1/50 au 1/100. Ukiwa humo humo rekebisha saa. Florida iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Picha za simu zitajirekebisha zenyewe, za kamera hazitajirekebisha, na ukizichanganya nyumbani chakula cha mchana kitakuja baada ya fataki.

Harambe na ile lenzi ndefu

Kuna mahali pamoja Disney World ambapo watu hubeba lenzi ndefu kwa sababu ya maana, napo panatuhusu. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kufanana na mji wa pwani ya Afrika Mashariki. Wabunifu wake walijifunza mengi kutoka Lamu. Kutoka hapo magari ya wazi ya Kilimanjaro Safaris huwazungusha wageni kwa dakika kama ishirini kwenye eneo la ekari zipatazo 110, kuwaona twiga, tembo, faru na simba walio hai. Barabara imetengenezwa kwa mashimo, dereva hasimami kwa ombi la mtu, na mnyama anaweza kuwa kando ya gari au mbali kwenye jabali. Anayetaka picha nzuri hapo anahitaji lenzi ya kufika milimita 200 au 300, shata ya sehemu moja ya mia tano au kasi zaidi, na kiti cha pembeni asubuhi mapema wanyama wakiwa wanatembea.

Lakini wewe uliyekwisha kuona twiga akivuka barabara Mikumi, au simba wa Ngorongoro, hutabeba lenzi ya nusu kilo kuvuka Atlantiki kwa dakika ishirini hizo. Iache. Watoto waliozaliwa ughaibuni wasiowahi kupanda gari la hifadhi ni jambo lingine. Kwao kodisha lenzi kwa siku hiyo moja tu, siku nyingine ikae hotelini.

Picha ambayo ningeitafuta Animal Kingdom iko kijijini kwenyewe. Kuta zake zina matangazo na vibao vya Kiswahili, kuna duka la vitafunio linaloitwa Tamu Tamu, na mtoto wa Kiswahili akimsomea rafiki yake wa Kimarekani kibao hicho anakuwa na uso ambao hutauona kwenye mchezo wowote. Hapo unahitaji lenzi pana, milimita 24 hadi 28, ili mtoto na kibao vyote viingie. Kamera ya mfukoni inamaliza kazi.

Unyevu

Mkazi wa Tanga au Mombasa anaijua hewa hii. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, lenzi inajaa ukungu mara ile ile, na ukiifuta inarudi. Usihangaike nayo. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa vizuri kwa dakika ishirini hivi baada ya kutoka, ipate joto polepole. Wengine huilaza bafuni usiku, mbali na kiyoyozi. Kwa siku ya kwanza, ambapo kila mtu anataka picha ya langoni, jambo hili dogo linaokoa mengi.

Na wewe uwemo

Kwenye kila familia kuna mmoja anayepiga picha, mara nyingi mama, na albamu ikifunguliwa miaka mingi baadaye huyo hayumo. Kwenye maeneo makuu ya Disney husimama wapiga picha wa kampuni waitwao PhotoPass. Picha zao zinauzwa, ila ukiwapa kamera au simu yako watawapigeni na hiyo pia bila malipo. Waendee kila unapowaona. Iweke kamera kwenye mpangilio wa otomatiki kabla ya kuwapa, na uongeze ile + yako.

Bibi akiwa nanyi, mtafutieni Instax Mini na pakiti mbili za karatasi, kila moja ina picha 10. Picha yenyewe ni ndogo, milimita 62 kwa 46, na usiku haifai, lakini ataiweka kwenye mkoba wake jioni hiyo hiyo bila kusubiri mtu amtumie kwa WhatsApp. Filamu hizo zipite uwanjani mkononi, uwaombe maafisa wazikague bila mashine.

Kama mnaishia Ghuba

Wengi wetu tunafika Dubai na Abu Dhabi kabla ya Florida, na wenye ndugu Muscat huenda kwa gari. Huko hesabu inaelemea zaidi upande wa mwanga. IMG Worlds of Adventure ya Dubai iliyofunguliwa 2016 na Warner Bros. World ya Abu Dhabi ya 2018 ziko ndani ya majengo, na Ferrari World ya 2010 sehemu yake kubwa iko chini ya paa jekundu. Mtakuwa ndani ya taa za rangi tangu mlangoni hadi mlangoni. Lenzi ya 1.8 huko ni lazima, zumu ndefu haina kazi, na kwenye Formula Rossa ya Ferrari World, inayofika kilomita 240 kwa saa, hata miwani yako unavua wakupe ya kwao.

Mkipanga kununua kamera hapo Dubai mkiwa mnapita, ulizeni kama dhamana yake inatambuliwa Tanzania au Kenya, na kama menyu ina lugha mnayoisoma. Bora zaidi nunueni kabla, angalau mwezi mmoja. Kisha ipelekeni kwenye shughuli yoyote ya jioni, iwe kipaimara, harusi au maulidi, mkapige watoto wanaokimbia chini ya taa za ukumbini. Picha zikitoka na chenga au nyuso zikapotea hapo, irudisheni dukani risiti ikiwa bado mkononi.